Mshona Mapazia na Taa ya Vyura

Fundi Pazia hakujua lolote kuhusu vyura, na kwa miaka hamsini na nane hakuona kwamba amepungukiwa. Watu wa mtaani walimwita hivyo kwa ajili ya kazi yake. Alishona mapazia ya nyumba, ya ofisi, ya hospitali, na mara moja ya ukumbi wa mikutano uliokuwa mrefu kwenda juu kiasi kwamba alipanda ngazi huku akisoma dua. Ukimwonyesha dirisha, atakuambia kwa jicho tu litakula mita ngapi za kitambaa. Ukimwonyesha chura, atakuomba umwondoe.

Sasa vyura watatu walikuwa sebuleni kwake, ndani ya sanduku la kioo lenye urefu wa mkono wa mtu mzima, na mwenye nao hayupo.

Mwenye nao ni mkewe, Mama Pacha. Mwezi mmoja uliopita alifunga begi moja, akasema anakwenda kwa dada yake kupumzika.

"Mpaka lini?" Fundi akamuuliza.

"Mpaka nitakapopumzika."

Hakukuwa na ugomvi. Hakuna sahani iliyovunjika wala mlango uliobamizwa, na hapo ndipo Fundi alipochanganyikiwa, maana ugomvi angeuelewa. Mama Pacha alikuwa amekaa mapokezi ya zahanati miaka thelathini, akipokea simu na kuwatuliza wagonjwa wasiotaka kusubiri foleni. Mwaka juzi akastaafu. Mapacha walishakua wakaenda zao, kazi imekwisha, nyumba yote yake. Mtu kama huyo anakwenda kupumzika kutoka wapi? Kutoka kwenye kupumzika?

Kila Jumapili mkewe alipiga simu. Aliuliza habari za vyura, akauliza habari za okidi, kisha akauliza habari za mumewe. Fundi masikio yake mazima. Alisikia kwamba yeye yuko wa tatu.

Lile sanduku Mama Pacha alilijenga mwenyewe, miezi mitatu baada ya kustaafu, kipande kwa kipande. Chini aliweka udongo na majani madogo yanayotambaa kama zulia. Kwenye gamba la mti alifunga okidi tatu, ambazo mizizi yake inaning'inia hewani kama nyuzi zilizosahauliwa pindoni. Mojawapo ilikuwa imetoa kikonyo chembamba chenye matumba matano, kila moja dogo kama punje ya mchele, na matumba hayo Mama Pacha aliyasubiri mwaka mzima. Vyura walikuwa wa kijani, kila mmoja anaenea juu ya kidole gumba, na yeye ndiye aliyewapa majina: Mwenyekiti, Katibu na Mjumbe. Aliyekuwa na sauti ni Mwenyekiti peke yake. Jioni akianza kulia, utadhani kuna mtu anakata kitambaa kizito kwa mkasi.

Siku ya kumi baada ya mkewe kuondoka, taa ya sanduku ikaungua.

Fundi aliifungua, akaigeuzageuza. Maandishi yote yalikuwa yamefutwa na unyevu. Alisimama sebuleni na ile taa mkononi, na moyo wake ukamwambia jambo moja bila kuzunguka: maua yakifunguka, Mama Pacha atarudi kuyaona. Yakifa, na vyura wakifa, basi hana cha kurudia hapa. Aliogopa. Alikuwa hajawahi kuogopa hivyo tangu siku mapacha walipozaliwa kabla ya wakati wao.

Asubuhi ilimkuta dukani kwa muuza taa, na kwapani amebeba kitabu chake cha vipande vya vitambaa. Kitabu hicho haendi popote bila kuwa nacho.

"Nataka taa kama hii," alisema.

"Wati ngapi, mzee wangu?"

"Sijui."

"Lumeni ngapi?"

"Kijana, mimi nataka taa tu."

"Na mimi nataka kukuuzia, mzee wangu, ila nikuuzie ipi?" Muuza taa akaegemea meza, akafunguka kama redio. Wati ni umeme ambao taa inakula. Lumeni ni mwanga ambao taa inatoa. Kelvini ni rangi ya huo mwanga: namba ndogo ni wa manjano, wa joto, namba kubwa ni mweupe, unaelekea buluu, wa baridi.

"Ngoja. Elfu sita ni ya baridi kuliko elfu tatu?"

"Kwa macho, ndiyo."

"Na kwa mkono?"

"Kwa mkono zote zinapata joto, ila hizi za LED kidogo."

"Kwa hiyo ya joto haina joto, na ya baridi haina baridi."

"Sasa umeelewa, mzee wangu!"

Fundi hakuelewa hata chembe. Ila mtu mzima akishikwa pabaya hurudi kwenye kazi anayoijua. Alifungua kitabu chake juu ya meza, akalaza kipande cha mahameli ya kijani, akamwambia muuza taa awashe taa zote alizo nazo, moja baada ya nyingine. Ndivyo anavyofanya kwa wateja wake: kitambaa kitachagua chenyewe mwanga wake. Na kwa kuwa ndani ya lile sanduku kila kitu ni kijani, hesabu yake ilionekana haina dosari. Taa nyeupe iliifanya mahameli ikauke kama jani la jana. Taa ya manjano, ndogo, ya elfu tatu, ikaifanya ing'ae mpaka muuza taa mwenyewe akanyoosha mkono kuigusa.

"Nifungie hiyo," Fundi akasema.

Siku za kwanza alijiona bingwa. Mwenyekiti alitoka, akapanda juu ya gamba, akalia jioni mbili mfululizo. Jumapili Fundi akamwambia mkewe kwamba mambo ni shwari kabisa, na habari za taa kuungua akazimeza. Lakini majani ya okidi yalianza kugeuka kijani kizito, yakalegea. Jumatano, tumba moja likawa la njano. Alhamisi lilikuwa limelala juu ya udongo. Fundi akaliokota, akalitia kwenye kibati cha vifungo, asijue kwa nini.

Akaenda kwa bibi mmoja anayeuza miche kando ya barabara kuu, mwanamke mwenye kucha za udongo na maneno yasiyo na mapambo.

"Okidi yako ina njaa," bibi akasema. "Mwanga ndio chakula chake. Umeiwekea taa ya chumba cha kulala, unataka ichanue au ilale?"

"Niliona mahameli imependeza..."

"Mahameli haina mizizi, baba. Nenda katafute nyeupe, kali. Elfu sita na mia tano, usikubali chini ya hapo. Na usiwe bahili wa kuiwasha."

Fundi akarudi kwa muuza taa. Akapima kwa tepu yake, akachukua taa nyeupe ndefu iliyokaa juu ya sanduku barabara, haikuzidi wala haikupungua hata upana wa uzi. Na kwa kuwa alishaambiwa asiwe bahili, aliiwasha alfajiri alipoamka na kuizima alipokwenda kulala. Aliona anafanya wema.

Vyura wakapotea. Ilimchukua siku mbili kuwaona, wamejibana nyuma ya gamba, mmoja juu ya mwenzake, kama watu waliokimbia mkutano. Mwenyekiti akanyamaza kabisa. Kioo kikaota utando wa kijani. Majani ya okidi, ambayo jana yalikuwa na njaa, leo yakawa mekundu kwenye kingo, na tumba la pili likaanguka.

Hapo Fundi alikaa chini, akashika tama. Mwanga ukiwa mdogo, tumba linaanguka. Mwanga ukiwa mwingi, tumba linaanguka. Vyura wanataka giza, maua yanataka jua, na wote wanakaa chumba kimoja. Huyu mwanamke aliwezaje? Alikuwa amemwona kila jioni akiwa ameinama pale, na hakumuuliza hata siku moja anafanya nini.

Jumapili mkewe akasema, "Hebu nisogezee simu kwa Mwenyekiti. Nimeikumbuka sauti yake."

 Fundi akatazama sanduku, kimya. Akatazama meza, mkasi wake mkubwa upo hapo. Basi mzee wa watu, baba wa mapacha wawili wenye kazi zao za heshima, akachukua kipande cha turubai, akakikata taratibu karibu na simu. *Kwrak. Kwrak. Kwrak.*



"Sauti yake imebadilika," Mama Pacha akasema.

"Nadhani ana mafua."

"Ee. Mpe pole."

Akakata simu. Fundi alibaki na mkasi mkononi, akijidharau.

Jumanne, adhuhuri, akaenda kumgongea jirani, mwalimu wa baiolojia, ambaye alikuwa likizo. Mwalimu akaja na kipimajoto, akakitumbukiza ndani ya sanduku, akasubiri, akakisoma.

"Thelathini na moja," akasema. "Fundi, unawapika hawa. Polepole, lakini unawapika. Unaiwasha muda gani?"

"Tangu nikiamka hadi nikilala."

"Hata mimi ningejificha." Mwalimu akazima taa ya sanduku. Kisha akainua macho hadi darini, ambako taa ya chumba nayo ilikuwa inawaka. "Na hii umeiwasha ya nini? Saa saba mchana hii."

"Tuonane."

"Kwani hayo si madirisha?"

Yalikuwa madirisha. Mawili, makubwa, yanayotazama upande wa jua. Na juu yake yalining'inia mapazia bora kuliko yote ambayo Fundi amewahi kushona: kitambaa kizito, bitana mbili, pindo lililogusa sakafu. Hata mwanga wa kidole haukupita. Fundi akamweleza kwa fahari kidogo. Miaka sita iliyopita paa la karakana lilivuja, ikabidi majora yake ya thamani ayahamishie sebuleni. Yale pale ukutani, mahameli, hariri, kitani. Jua likiyagusa yanapauka. Paa alishalitengeneza zamani, lakini majora yalikuwa yameshazoea hapa.

"Na Mama Pacha hushinda chumba hiki?" Mwalimu akauliza.

"Tangu astaafu, hushinda humu humu. Mimi nakuwa karakana."

"Mchana kutwa."

"Mchana kutwa, ndiyo."

Mwalimu akatazama mapazia, akatazama lile sanduku.  Halafu akasema anakumbuka ameacha kitu jikoni, akaaga.

Fundi akabaki amesimama. Kuna kitu kilikuwa kinambishia hodi kichwani, na aliposikiliza vizuri akaona amekipata. Madirisha! Alikuwa anahangaika na wati na kelvini ilhali jua lenyewe liko nje, halina namba wala halina duka. Mama Pacha alimwomba mara ngapi afungue mapazia? Kumi? Ishirini? Na yeye kila mara akajibu kwamba mahameli itapauka. Kumbe mwenzake alikuwa anawatafutia vyura mwanga!

Akavuta pazia moja kwa mikono miwili. Jua likaingia kwa kishindo. Akalisukuma sanduku hadi chini ya dirisha, katikati ya mwanga, akajipangusa mikono. Akampigia mkewe papo hapo, na ilikuwa Jumanne.

"Kuna nini?" Mama Pacha akauliza kwa hofu.

"Hakuna baya. Yaani lipo, lakini limekwisha." Akamwaga yote. Taa iliungua mwezi ule ule. Amenunua ya manjano, amenunua nyeupe. Matumba mawili yameanguka. Yule Mwenyekiti wa Jumapili alikuwa mkasi.

"Mkasi niliujua. Nimeusikia miaka thelathini na mbili."

"Nisamehe. Lakini sikiliza, sasa nimepata dawa. Nimefungua pazia, nimewaweka dirishani, wanaota jua kama watalii!"

"Umewaweka wapi?"

"Dirishani."

"Toa!" Hakuwahi kumsikia mkewe akipiga kelele namna hiyo. "Baba Pacha, toa sasa hivi! Kioo kwenye jua ni sufuria!"

Fundi akaitupa simu kwenye kochi, akalikumbatia sanduku, akalirudisha kivulini. Kioo kilikuwa kimeanza kuwa cha moto. Akainama, akahesabu. Akahesabu tena. Akaokota simu.

"Wapo?" mkewe akauliza.

"Wapo. Watatu. Katibu ananitazama vibaya."

"Ana haki."

Wakapumua wote wawili, kila mmoja upande wake. Fundi alikaa sakafuni. Kichwa chake kilikuwa kimevurugika kuliko siku zote, na kwa mara ya kwanza hakuona aibu kulisema hilo.

"Mama Pacha, mimi sielewi. Kama jua litawaua, ulikuwa unaniomba nifungue mapazia kwa nini?"

"Ulidhani nilikuwa naombea vyura?"

"Sasa ulikuwa unamwombea nani?"

Alisikia mlango ukifungwa huko aliko mkewe, labda dada yake asisikie.

"Nilianza kuomba kabla ya vyura," Mama Pacha akasema. "Wiki ya kwanza tu ya kustaafu. Miaka yote nilikuwa natoka asubuhi, narudi jioni, sikujua mchana wa nyumba yetu ukoje. Kumbe hauna mchana. Nilikuwa nakaa hapo nawasha taa saa nne asubuhi. Nakuomba, unaniambia mahameli. Nikanyamaza. Nikasema basi, nijenge kasanduku, angalau kuwe na pembe moja yenye mwanga nikae karibu nayo. Taa ni ya maua, Baba Pacha. Vyura wana kivuli chao. Dirisha lilikuwa langu."

 Fundi aliyaona majora yake yamesimama ukutani, yamekingwa, hayajapauka hata moja. Akajaribu kukumbuka mara ya mwisho kumwona mkewe usoni mchana, ndani ya nyumba hii, na hakupata.

"Nimekukosea," akasema. "Nilikuwa sijui, na sikuuliza. Nimekukosea sana."

 Mama Pacha aliposema tena, sauti yake ilikuwa ile ya mapokezi, ya kumhudumia mtu aliye taabani.

"Hiyo taa nyeupe inafaa. Tatizo lako ni kuibandika juu ya kioo. Inyanyue shubiri moja na nusu. Iwake kwa muda wa saa kumi tu, basi, na zisizidi. Okidi ikae chini ya taa, na upande wa pili uache majani mapana yafunike, huko ndiko watakakokaa wenyewe. Wanaogawana chumba si lazima wagawane mwanga sawa. Unaandika?"

Alikuwa anaandika kwa chaki, sakafuni, maana karatasi ilikuwa mbali.

"Naandika. Na wewe, utarudi?"

"Sijui."

"Sawa," Fundi akasema, ingawa haikuwa sawa.

"Nitumie picha kesho. Si ya vyura. Ya chumba, saa sita mchana, na usiwashe taa yoyote."

Siku ile na asubuhi iliyofuata hakushona hata uzi. Alibeba majora yote begani, moja moja, hadi karakana, na hakumruhusu mtu kumsaidia. Jora la hariri halikupata rafu, akaliacha tu pale karibu na mlango. Halafu akapanda kiti, akashusha mapazia yote mawili, fimbo na pete zake. Vumbi lilimwangukia mpaka kwenye kope. Ilipofika saa sita akazima kila kitu, akasimama kwenye pembe, akapiga picha bila hata kuiangalia, akaituma.

Alama mbili zikatokea. Zikageuka rangi. Fundi akasubiri, simu ameishika kwa mikono miwili.

Ujumbe ukaja: *Ule ukuta ni wa kijani?*

Fundi akageuka. Waliupaka wenyewe, yeye na mkewe, miaka ile mapacha wakiwa shule, na kama ungemuuliza jana angeapa kwamba ni rangi ya maziwa. Mtu anayeishi kwa kujua rangi! Ukuta mzima ulikuwa kijani cha tango lililomenywa, na jua limeulalia kutoka dirisha hadi mlangoni.

*Ni wa kijani,* akaandika. *Hata mimi nilikuwa nimesahau.*

 Akakaa kwenye kochi, mahali anapokaa mkewe, akautazama ule ukuta. Halafu simu ikatikisika mkononi.

*Usiupake rangi nyingine mpaka niuone.*